Kichwa Kinachoinama Kabla ya Mkono

Shingo ya Mama Daphrose ilikuwa ngumu kama mchi. Nilipotaka ainame kushoto nilimsukuma kwa vidole viwili, polepole, na kichwa kikaenda kidogo, kisha kikarudi palepale. Nikasukuma tena. Kikarudi tena. Sidhani alikuwa anafanya makusudi. Shingo yake tu ilikuwa imekwisha kuamua.

Nimesuka vichwa tangu nina miaka kumi na tatu, na kuna jambo moja ninalolijua bila kufundishwa na mtu. Kichwa kinachokukubali huinama kabla hujakisukuma. Mkono wako unafikiria tu kwenda nyuma ya sikio, nacho tayari kimekwenda, na wewe na mwenye kichwa hamjasemezana neno. Kichwa kisichokukubali utakisukuma asubuhi nzima.

Na hiki kilikuwa kichwa cha mama wa mwanaume ninayempenda.

"Unavuta," alisema.

"Pole, Mama."

"Sikusema inauma. Nimesema unavuta."

Nikalegeza. Kitana cha mkia kiliteleza kutoka paji la uso hadi kisogoni, kikafungua njia moja nyoofu. Nywele zake zilikuwa nzuri, laini kuliko nilivyotarajia, nyeupe pembeni ya masikio. Alinukia sabuni na chai ya tangawizi. Miezi mitatu nilikuwa nimeota siku nitakayokutana naye, na katika ndoto zangu zote alikuwa ananitazama usoni. Sikuwahi kuota kwamba nitakutana naye akiwa amenipa kisogo.

Hugues alikuwa amesimama dirishani na daftari lake, anajifanya anaandika. Nyuma yake, mbali chini ya paa za Mutanga Sud, ziwa lilikuwa linang'aa. Kila nilipoinua macho nilikuta macho yake. Kila nilipokuta macho yake, niliyashusha yangu.

Chumba kile kilikuwa cha kazi yake, ghorofa ya pili katika nyumba iliyopangwa karibu na chuo kikuu. Yeye na mwenzake Jovithe walikuwa wanapima vichwa vya watu, wawili wawili. Unavaa kofia ya kitambaa yenye vidude vidogo vya chuma, kila kimoja na waya wake, na nyaya zote zinaingia kwenye kompyuta. Mwenzako mbele yako amevaa kofia kama hiyo. Mnaongea, au mnanyamaza, au mnafanya kazi pamoja, na kompyuta inachora mistari ya vichwa vyote viwili.

"Mukisikilizana kweli," Hugues aliwahi kunieleza, "ubongo wako na wa mwenzako vinaanza kupanda na kushuka wakati mumoja. Ni kama watu wawili wanatembea barabarani. Hawajapanga, lakini ukiangalia miguu, inapiga chini pamoja."

"Iyo najua," nilimjibu.

"Umeijulia wapi?"

"Kwa vichwa."

Nikamweleza habari ya kichwa kinachoinama. Hakucheka. Aliniomba nirudie, akaiandika kwenye daftari, na chini yake akaandika jina langu, Orpha, kama jina la mtu aliyeandika kitabu. Mimi niliyeishia darasa la tano. Nadhani siku hiyo ndiyo niliyokwisha kwa mapenzi.

Lakini yeye husema kwake ilikuwa kabla ya hapo. Wakati ule walikuwa wamekwama. Kofia zilitengenezwa kwa nywele za Wazungu; juu ya nywele zetu vile vyuma havikugusa ngozi, na wanawake walikuwa wanarudishwa nyumbani mmoja baada ya mwingine. Ndipo Hugues akaja mtaa wa Bwiza kwenye saluni tunapofanya kazi wasusi sita, akiwa na kofia mkononi na aibu usoni. Wenzangu walimcheka. Mimi niliichukua ile kofia, nikaigeuza, nikahesabu safu za vyuma, nikasema nikiangalia viatu vyake, "Mukinipa saa moja kwa kila mutu, nitawafungulia njia." Mistari kumi na moja minyoofu, ngozi wazi katikati, kila chuma na mahali pake. Tangu siku ile hakuna mwanamke aliyerudishwa. Mimi mwenyewe nilisukwa hivyo, ili wanaokuja waone mfano.

Mama yake alipoambiwa habari zangu alisema maneno mawili tu: "Darasa gani?"

Alikuwa amefundisha shule ya msingi miaka thelathini na mmoja. Hugues alipomwambia, aliweka chini kikombe. "Mwanangu, mukifika miaka hamsini, watoto wameondoka nyumbani, mutaongea nini? Na tena ni wa ng'ambo ya mpaka, wa Uvira. Nyumbani kwao tunajua nani?"

Baba yake Hugues alikwisha kufariki. Kwenda kufata irembo, yaani ile siku ukoo wa mwanaume unakwenda rasmi kusimama mlangoni kwa kina msichana na kusema tumekuja kwa ajili ya mtoto wenu, ni kazi ya baba mdogo Libère. Na Libère haendi popote bila shemeji yake kusema ndiyo. Mama Daphrose alikuwa amemwambia akae tayari Jumamosi. Lakini si kwa ajili ya mlango wetu. Alimtaka Raïssa, binti wa rafiki yake wa kanisani, mwenye shahada na kazi katika ofisi ya bima.

Na ndiyo maana alikuwa amekaa mbele ya magoti yangu Alhamisi ile. Hugues alihitaji jozi za mwisho, mwanamke mkubwa na mwanamke kijana. Mama yake alikubali kusaidia, kwa sharti. "Nitakaa kwenye mashine yako, lakini nitakaa na Raïssa. Tuone itasema nini. Na wewe uone kwa macho yako."

Hugues alikuja kuniambia hayo juzi yake, mlangoni pa saluni.

"Nimemwambia mashine haichagui bibi harusi," alisema. "Anasema kila mashine inajua kitu."

"Na we ukasema nini?"

"Nikasema... nahitaji watu, Orpha. Kazi inaisha Ijumaa."

"Kwa hiyo mi nitamusuka mama yako, nimutengeneze vizuri, ili akae na bibi harusi wako."

"Usiseme ivyo."

"Nimesema vibaya wapi?"

"Niangalie."

Sikuweza kumwangalia. Nilifagia nywele zilizokatwa sakafuni, nikafagia na mahali pasipo na nywele. Aliondoka. Nikalia kidogo ndani, nyuma ya pazia, na dada mmoja wa saluni akaniambia, "We kataa kwenda." Lakini ningekataa vipi? Ile ilikuwa kazi ya mwanaume ninayempenda, na hakuna msusi mwingine anayejua njia zile.

Basi nikafunga msuko wa kumi na moja, nikapaka mafuta kidogo, nikasema, "Tayari, Mama."

Alipitisha kiganja kichwani, kutoka mbele kwenda nyuma, kama mwalimu anayekagua daftari. Hakukuta kosa, na nilijua kwamba alikuwa amelitafuta.

Hapo Raïssa akaingia.

Alikuwa mrembo kweli, sitaki kudanganya. Gauni la kijani, viatu vya kisigino, na nywele ndefu zinazomfika mabegani. Alimbusu Mama Daphrose mara tatu, akanisalimia na mimi, "Dada, habari ya kazi," kwa sauti ya mtu mwenye moyo mzuri. Ingekuwa rahisi kwangu kama angekuwa mbaya.

Jovithe alikuja na kofia, akazitazama zile nywele, akaishusha kofia.

"Dada Raïssa, iyo ni wigi?"

"Ndiyo. Nimeigundisha jana. Kesho niko na harusi ya rafiki, mi ndiye nasimama naye."

"Inatoka?"

"Inatoka baada ya wiki mbili." Akacheka. "Kwani kofia haiwezi kukaa juu yake?"

"Kukaa itakaa," alisema Jovithe. "Lakini itasoma wigi."

"Basi itatuambia wigi yangu inapenda nani."

Hata mimi nilicheka, mkono mdomoni. Mama Daphrose peke yake hakucheka. Alikuwa ameketi kwenye kiti chake cha kofia, mgongo wima, amesukwa tayari, na mpango wake wote umekwama kwa sababu ya gundi.

"Itoe," alimwambia Raïssa. "Nitakulipia nyingine."

"Tanti, nikiitoa leo, kesho kanisani nitasimama na nini?" Raïssa aliketi, akatuangalia mmoja mmoja. Alimwangalia Hugues, na Hugues alikuwa ananiangalia mimi. Akaniangalia mimi, na mimi nilikuwa naangalia kitana changu. Nyusi zake zikapanda. Kisha akasema taratibu, "Mbona huyu dada nywele zake ziko tayari. Si akae yeye?"

"Huyu?" alisema Mama Daphrose.

"Fomu inasema mukubwa na kijana," Jovithe akajibu haraka, kabla mtu hajafikiri. "Yeye ni kijana."

Hugues alipiga hatua moja. "Mama, si lazima. Orpha, si lazima."

Nilitaka kusema hapana. Mdomo wangu ulikuwa tayari kusema hapana, maana ndilo neno ninalolijua vizuri kuliko yote. Lakini nilimwona Mama Daphrose ananitazama, usoni, kwa mara ya kwanza, na macho yake yalikuwa yanasema: huyu atakimbia.

Nikaketi.

Jovithe alitufunga kofia, akatia jeli kwenye kila chuma. Jeli ilikuwa baridi. Viti vyetu vilikuwa vinatazamana, magoti yetu karibu kugusana. Hugues alikuja kurekebisha waya nyuma ya sikio langu, na vidole vyake vilikaa pale muda kidogo zaidi ya waya ulivyohitaji. "Pumua," alininong'oneza. Halafu akasema kwa sauti ya kazi, "Dakika kumi. Munaweza kuongea chochote."

Nilisikia saa ya ukutani. Nilisikia Raïssa akifungua pipi.

"Ulifika wapi shuleni?" Mama Daphrose aliuliza mwishowe. Alikuwa anajua.

"La tano, Mama."

"Ulimaliza la tano?"

"Apana. Niliachia katikati."

"Nani alikutoa?"

"Hakuna aliyenitoa. Nyanya aliugua. Hakukuwa na mutu wa kumugeuza kitandani."

"Baba yako?"

"Alikuwa bandarini, na baba mukubwa Mirindi, uyu ninayekaa kwake Bwiza. Walikuwa wanapakua mizigo ya Kigoma. Usipokwenda siku moja, nafasi yako inachukuliwa."

Alitikisa kichwa kidogo, nyaya zikatikisika. "Watoto wote wanaoacha shule wako na sababu. Miaka thelathini na mumoja nimesikia sababu." Halafu, kama anayepiga mstari wa mwisho chini ya hesabu, "Uyo nyanya wa Uvira alikufa?"

"Alikufa. Lakini hakuwa wa Uvira, Mama. Aliolewa uko. Alitoka Bukeye."

"Bukeye gani?"

"Ya hapa Burundi. Muramvya."

Alicheka kwa pua. Hakikuwa kicheko kibaya sana, kilikuwa cha mtu aliyechoka kudanganywa. "Siku hizi kila musichana anayetaka kuolewa Burundi iko na nyanya Muramvya. Mi mwenyewe ni wa Muramvya. Uyo nyanya wako alikufundisha nini cha Bukeye?"

Nilijua la kujibu. Lilikuwa pale, limejaa kifuani. Lakini koo langu likafunga, kama linavyofunga siku zote mbele ya watu wakubwa. Nikatazama magoti yangu. Nikahisi Hugues nyuma yangu anashika pumzi. Nikasema moyoni: basi, imekwisha, Jumamosi watakwenda kwa Raïssa.

Mama Daphrose alingoja kama anavyongojea mwalimu aliyemsimamisha mtoto ubaoni. Mtoto hajui. Na kama mwalimu, akamtupia swali la mwisho ili darasa zima lione kwamba hajui. Hakulisema. Aliliimba. Kwa sauti ya chini sana, karibu kama anajisemea, alitupa mwanzo wa akazehe.

Wasioijua niwaeleze. Ni salamu ya wanawake wa milimani kule. Wawili wakikutana baada ya muda mrefu hawaulizani habari, wanaimba. Mmoja anatupa maneno: anakutakia ng'ombe, anakutakia watoto, anataja mama yako na vilima vya kwenu. Mwingine anayapokea, na hayapokei yakiisha, anayapokea katikati, sauti zinaingiliana kama vidole vya mikono miwili, mpaka wafike mwisho pamoja. Anayepokea hana maneno mengi. Kazi yake ni kusikia mwenzake anavuta pumzi wapi.

Nyanya alinifundisha tukichambua maharage. "Usisubiri nimalize," alikuwa anasema. "Ukisubiri nimalize umechelewa. Niingilie pale ninapotaka kukuachia." Na alipokuwa hawezi tena kuinuka kitandani, ndivyo nilivyokuwa namgeuza: yeye anatupa kwa sauti ya uzi, mimi napokea, na kabla wimbo haujaisha ameshageuka bila kuhisi maumivu.

Koo langu linafunga ninapotakiwa kusema. Ninapotakiwa kupokea, halifungi.

Nikaingia. Nilimsikia Mama Daphrose anataka kuvuta pumzi, nikaingia pale, *eee, mama, eee*, na nikaona macho yake yakifunguka. Alikosa neno moja. Hakutegemea kwamba kungekuwa na mtu upande wa pili. Kisha akashika tena, kwa nguvu kidogo, kama anayenijaribu: akaenda haraka, nikaenda naye. Akapunguza, nikapunguza. Akanitakia maziwa, nikapokea. Akanitakia mvua njema, nikapokea. Katika akazehe huwezi kutazama magoti yako, utapotea. Lazima utazame mdomo wa mwenzako na macho yake. Nikamtazama. Sikumbuki kama niliona aibu. Nilikuwa na kazi.

"Taya zinachafua mistari," nilisikia Jovithe ananung'unika.

"Nyamaza," alisema Hugues.

Alitaja jina la mama yake. Akataja jina jingine, la mwanamke, na hapo sauti yake ikatetemeka, ikataka kuanguka. Nikaingia mapema kuliko kawaida, nikaishika, nikaibeba mpaka akapata pumzi. Tukapanda. Tukashuka. Tukafika mwisho kwa wakati mmoja, kwa sauti moja, na tukanyamaza.

Hatukuondoa macho. Sijui ilikuwa muda gani. Machozi yalikuwa yanamshuka shavuni na hakuyafuta, na mimi sikutaka kuyasema, na yeye alijua kwamba sitaki kuyasema.

"Alikuwa dada yangu," alisema baadaye, taratibu. "Ilo jina la mwisho. Tulikuwa tunaimbiana. Tangu azikwe, ni miaka tisa, natupa, na hakuna anayepokea. Binti za hapa mujini hawajui. Nikianza wananiangalia kama mugonjwa."

"Nyanya alisema anayepokea ndiye anabeba," nikasema. Na nilishangaa kusikia kwamba ilikuwa sauti yangu.

"Ni kweli. Alisema kweli uyo nyanya." Akafuta shavu. "Alikuwa wa Bukeye kabisa."

Hesabu ya kompyuta ilichukua dakika ishirini. Jovithe alituvua kofia. Raïssa alimimina chai kwenye vikombe vya plastiki, akaniletea mimi cha kwanza, akaninong'oneza, "Dada, we ni hatari," na akaenda kukaa. Mimi na Hugues hatukusogeleana. Tulikuwa pande mbili za chumba, na kati yetu mama yake anapuliza chai. Lakini alinitazama, na safari hii sikushusha macho. Yeye ndiye aliyeyashusha kwanza, akiwa anatabasamu kama mtoto.

Naomba niseme jambo moja hapa. Miezi minne nyuma Jovithe aliwahi kutufunga kofia mimi na Hugues, kwa mchezo, tukakaa dakika kumi tukitazamana. Hugues hakufungua matokeo. "Sitaki kuambiwa na mashine," alisema. Mpaka leo hajayafungua. Kwa hiyo najua kwamba alipokuwa anaingoja ile hesabu, hakuwa anaingoja kwa ajili yake.

"Njooni," alisema Jovithe.

Mistari miwili ilikuwa kwenye kioo, mmoja wa buluu, mmoja wa njano.

"Wa buluu ni Mama. Wa njano ni Orpha. Hapa mwanzo munaongea mambo ya shule." Ilikuwa kama njia za mbuzi wawili wasiojuana, huyu juu, huyu chini. "Hapa munaimba. Hapa nimekata sana, taya zimeharibu. Sasa muangalie hapa."

Mistari ilikuwa inapanda pamoja na kushuka pamoja, karibu sana, mahali pengine sikuweza kuona kama ni miwili.

"Hapo tulikuwa tunafanya nini?" aliuliza Mama Daphrose.

"Hakuna kitu. Mulikuwa mumemaliza kuimba. Munaangaliana tu." Jovithe alikuna kichwa. "Mama, tangu mwezi wa kwanza nimepima jozi arobaini. Hakuna waliofuatana ivi. Ata wale mapacha wa Kajaga."

Mama Daphrose alivaa miwani. Aliitazama ile mistari muda mrefu, kisha akamgeukia mwanawe.

"Hugues. Ulisema mashine haichagui bibi harusi. Sasa niambie. Inasema nini hapa?"

Angeweza kusema lolote. Mama yake alikuwa amejiwekea mtego mwenyewe, mbele ya mashahidi, na Hugues alikuwa na mlango mkononi mwake. Aseme tu: inasema ni huyu.

Alinitazama kama anayeniomba radhi.

"Haisemi kwamba Orpha ananifaa, Mama. Haisemi ata kwamba munapendana. Inasema kwa muda ule mulikuwa pamoja, we na yeye. Basi. Zaidi ya apo nikisema nitakuwa nakudanganya."

Chai yangu ilikuwa imepoa mkononi.

"Muzuri," alisema Mama Daphrose. Alivua miwani, akaikunja. "Ungesema kingine, ningejua umedanganya, na ningekwenda nyumbani. Nimesahihisha madaftari ya waongo miaka mingi." Akatazama kioo tena, kama anayemtazama mwanafunzi aliyejibu sawa lakini kwa kuchelewa. "Na iyi mashine yako, mwanangu, imechelewa. Mi nilijua kabla haijachora. Mutu aliyenipokea, namujua."

"Tanti," alisema Raïssa kutoka kwenye kiti chake, "na mi niko na la kusema. Niko na mutu wangu. Tangu mwaka jana. Mumepanga Jumamosi yote na hakuna aliyeniuliza."

Mama Daphrose alimgeukia polepole. "Mama yako anajua?"

"Atajua kesho harusini. Ndiye kaka wa bwana harusi."

Jovithe alipaliwa na chai. Mabega ya Mama Daphrose yakaanza kutikisika, na nikadhani analia tena, kumbe anacheka. Alicheka mpaka akashika meza. Alipotulia alitoa simu kwenye mkoba, akaisogeza mbali na macho, akatafuta jina.

"Libère," alisema. "Ni mimi. Sikiliza. Jumamosi iko palepale. Apana, sijaahirisha. Mulango ndio umebadilika." Akasikiliza. "Bwiza. Kwa muzee mumoja anaitwa Mirindi, wa bandarini. Utavaa ile koti nyeusi." Akasikiliza tena, na akanitazama juu ya simu. "La tano, katikati. Ndiyo. Kwani we uliishia wapi, Libère?"

Akakata.

Hugues alikuwa ameketi sakafuni. Sijui aliketi saa ngapi. Alikuwa ameegemea ukuta, daftari kifuani, na anaitazama dari kama mtu aliyemaliza kuogelea ziwa zima. Nilitaka kwenda kwake. Miguu yangu ilikuwa imeshaanza.

"We mutoto," Mama Daphrose aliniita. "Iyo jeli yao imenilegezea musuko huku nyuma. Siwezi kwenda kanisani ivi."

Nikachukua kitana. Aliketi kwenye kiti cha chini, mimi nyuma yake, kama asubuhi. Hugues alitutazama kutoka chini.

"Na shule," aliendelea akiwa amenipa kisogo, "tutaimaliza. Mimi mwenyewe nitakufundisha. Tutaanza pale ulipoachia, la tano katikati. Na sipendi wanafunzi wanaoangalia magoti."

"Ego, Mama," nikaitikia ndiyo kwa lugha ya nyanya. Na maneno mengine yakaja nyuma yake, yenyewe, bila koo kufunga. "Na mi niko na sharti."

"Sharti?" Raïssa alirudia, anafurahi.

"Jumamosi, mukifika kwetu mulangoni, Mama, mi ndiye nitatupa. We utapokea."

Nilimsikia Hugues akicheka, kicheko cha chini, cha furaha kabisa. Mama yake akajiweka sawa kitini. Nilichovya kidole kwenye mafuta. Nilifikiria kuanza na ule msuko uliolegea, wa nyuma ya sikio la kushoto, na nikainua mkono.

Kichwa chake kilikuwa kimeshainama.